Nani Amefagia Hapa?

Mjukuu wangu Zuhura amepata kazi katika ofisi inayopeleka wageni porini, na wiki iliyopita alikuja nyumbani na kitabu cha picha chenye kurasa zinazoteleza kama samaki mbichi. Kila ukurasa kambi. Kambi yenye kitanda cha nguzo nne, kambi yenye bafu la kuogea huku unamtazama twiga, kambi ambayo mahema yake yana milango ya vioo.

"Babu," akasema, "wewe umezeekea kwenye mahema. Mgeni akiniuliza alale kambi ipi, nimwambie nini?"

Nikavaa miwani, nikazipitia picha zote taratibu. Kwenye ile aliyoipenda kuliko zote, yenye uwanja mweupe safi unaoshuka mpaka mtoni, nikaweka kidole.

"Hapa nani amefagia?"

Akacheka. Akasema si wafanyakazi wa kambi, Babu, nani mwingine. Nikamwambia huenda, lakini aulize. Alipoondoka nikaona heri niandike, maana Zuhura si peke yake. Mko wengi vijana mnaowachagulia watu mahali pa kulaza ubavu, na mimi swali hilo nilijifunza kwa njia ambayo ingeweza kuondoa roho ya mtu. Mtu mwenyewe alikuwa mama yake tajiri yangu.

Sikuanzia porini. Nilianzia barazani, Kariakoo, Mtaa wa Mkunguni, katika miaka ya hamsini, nyuma ya cherehani ya miguu. Tulishona mahema. Duka lilikuwa la Bwana Kanti, Mhindi aliyezaliwa hapahapa mjini, mtu mwembamba, mwenye haraka, ambaye hakula nyama wala yai na hakuweza kupita karibu na turubai bila kulipapasa. Wateja wake walikuwa wapima ardhi, wamisionari, wawindaji, na watu wachache waliotaka kwenda kutazama wanyama tu kisha warudi. Aliwakodisha kila kitu: hema, vitanda vya kukunja, taa, sufuria, lori na dereva wake. Aliwakodisha pia mtu wa kuwachagulia mahali pa kupiga kambi.

Ninyi mnaponunua hema siku hizi mnauliza rangi. Sisi tuliuliza mshono. Turubai jipya tulilikunja ukingo mara mbili, tukapitisha uzi uliopakwa nta, na likishakamilika tukalimwagia maji ndoo kwa ndoo kabla halijaona safari, ili uzi uvimbe uzibe tundu la sindano. Hema lisilolowanishwa mjini litamlowanisha mgeni porini. Na mvua ikinyesha usiguse turubai kwa ndani, hata kwa ncha ya kidole, maana pale ulipogusa maji yatakufuata mpaka asubuhi. Mambo hayo niliyajua vizuri sana. Kwa kuyajua nikadhani najua kambi.

Aliyejua kambi alikuwa Mzee Maganga, mpiga kambi wa Bwana Kanti. Alikuwa Mnyamwezi mnene mwenye miguu midogo isiyochoka, mfuko wa kanzu yake umejaa karanga saa zote, na mimi Mzaramo. Kwa hiyo tulikuwa watani. Utani huo siku hizi mnausikia kwenye harusi na misiba tu, lakini kwetu ulikuwa kila siku, tangu kufungua duka. Mtani anaweza kukuvua kofia akaivaa yeye. Anaweza kutangaza aibu yako mbele ya wakwe, nawe kazi yako ni kucheka, na anayejaribu kukasirika kwa niaba yako ndiye anayeonekana hana akili.

Mzee Maganga aliniita Mzigo. Alidai babu zake walitembea miezi mitatu kutoka Tabora na pembe mabegani, walipofika pwani wakamkuta Mzaramo amekaa kivulini anauliza kama kuna nafasi naye abebwe. Mimi nilimjibu kwamba hao babu zake walitembea miezi mitatu kuja kuuona mnazi, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyejua kuupanda. Tulikwenda hivyo kutwa nzima, wapita njia wakisimama kuchangia.

Mahema mapya tulikuwa na desturi ya kuyasimamisha pale Mnazi Mmoja, kwenye uwanja ulio kati ya Kariakoo na mjini, ili yapigwe na upepo na tuone kama nguzo zimekaa. Asubuhi moja, bado giza halijatoka vizuri, Mzee Maganga akaniambia leo nichague mimi mahali. Hema lilikuwa kubwa, la kulia chakula, lenye milango miwili inayotazamana. Nikatembea kidogo nikaona mahali pamoja pazuri mno: ukanda mrefu usio na nyasi, udongo umekaza, hakuna jiwe wala kijiti. Nikalisimamisha hapo. Yeye akakaa pembeni akimenya karanga.

Jua lilipotokeza, Kariakoo ikaanza kwenda kazini. Makarani, wapishi, wachukuzi, mafundi, wote waliokuwa wakivuka kwenda mjini walikuja kwenye ule ukanda, kwa sababu ule ukanda ulikuwa njia yao. Hakuna aliyezunguka. Waliingia mlango huu wakatokea mlango ule. Wa kwanza alipiga hodi kwa adabu. Wa kumi alikuwa haulizi tena. Mama mmoja mwenye sinia la vitumbua kichwani aliinama, akapita, akaniambia nyumba yangu ni nzuri ila ina wageni wengi. Muuza kahawa akaona kuna kivuli na watu, akatua mdele, lile birika lake la kahawa, katikati ya hema akaanza kugonga vikombe. Kufika saa mbili nilikuwa na mkahawa.

Mzee Maganga alicheka mpaka karanga zikamwagika. Akaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia nimejifunza kwamba watu wa Kariakoo hawana adabu.

Akaacha kucheka. "Ukiona mahali pamefagiliwa, uliza nani amefagia," akasema. Mimi nikakung'uta kofia yangu, nikaona ni maneno ya mtu anayetaka kuonekana mwalimu.

Sasa nimlete Ba. Ndivyo alivyoitwa mama yake Bwana Kanti, na sisi sote tulimwita hivyo hivyo. Alikuwa mama mfupi wa sari nyeupe, mjane, na Kiswahili chake kilikuwa bora kuliko cha mwanawe, kwa sababu alikichuma sokoni. Miaka arobaini alikuja mwenyewe soko la Kariakoo kila asubuhi kuchagua bamia na mchicha, na wauza mboga walimheshimu kama watu wanavyomheshimu hakimu. Lakini mwaka ule mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Daktari alisema moyo wake hautastahimili kupasuliwa. Alisema pia kwamba baada ya miezi michache hata hicho kidogo anachokiona kitakwisha.

Siku moja Ba alikuja barazani, akapapasa kiti, akakaa karibu na cherehani yangu.

"Fundi Shomari, nimeishi nchi ya tembo maisha yangu yote," akaniambia. "Kwenye rafu yangu ya sala yupo mungu mwenye kichwa cha tembo, namsalimu kila asubuhi. Lakini mnyama mwenyewe, huyo aliyetoa kichwa, sijamwona. Nimemwambia Kanti anipeleke kabla taa haijazimika."

Ndivyo ilivyopangwa. Masika ilikuwa imekaribia, na mvua ikianza barabara ya nyikani ingefungwa, na ikifunguliwa Ba asingekuwa na macho. Ilikuwa safari moja tu, hakuna ya pili. Na wiki hiyohiyo Mzee Maganga, wakati wa kushuka kwenye lori kule Msimbazi, akakanyaga pabaya akavunjika kifundo cha mguu.

Nilikwenda kumtazama nyumbani kwake. Alikuwa kwenye kitanda cha kamba, mguu umefungwa vijiti, karanga ziko juu ya tumbo. Akaniambia amekwisha kumwambia Bwana Kanti kwamba mimi nitakwenda badala yake. "Nimemwambia ni Mzaramo, lakini anaweza kufundishika. Nimekudhamini, Mzigo. Ba akirudi hajamwona tembo, sikanyagi tena ile baraza."

Kisha akanisomea masharti, na haya myaandike, vijana, kwa sababu hayajazeeka. Usipige kambi chini ya mti wenye tawi lililokufa. Usilale kwenye mchanga wa mto mkavu hata kama mbingu ni nyeupe pe, maana mvua inaweza kunyesha kwenye milima ya watu wengine na maji yakaja kwako. Choo kiwe upande ambao upepo unakwenda, jiko lisivutie moshi mlangoni. Maji yawe karibu kiasi cha kuyachota, si kiasi cha kuyasikia. Tazama siafu. "Na kabla hujagonga kigingi cha kwanza," akasema, "zunguka mahali pote kwa miguu, duara zima, huku unatazama chini kama mtu aliyeangusha pete."

Tukaondoka. Ba na mkwewe, mke wa Bwana Kanti, walikaa mbele na dereva, Bwana Kanti na mimi juu ya mahema. Tulilala Morogoro kwa ndugu zao wenye duka, kesho yake tukaingia nyikani. Kabla ya adhuhuri dereva akasimamisha lori. Mbali, ng'ambo ya mbuga, kulikuwa na tembo sita au saba, wadogo kama mbegu za papai juu ya mkeka. Bwana Kanti akaruka chini, akamshusha mama yake, akamshika mabega.

"Ba, tazama kule. Kule, chini ya ule mti."

Ba akatazama. Akatabasamu, akasema naona, naona. Lakini mimi nilikuwa juu ya lori na nilimwona vizuri: uso wake ulikuwa umeelekea upande mwingine kabisa, kwenye nyasi tupu. Macho yake hayakupita hatua ishirini. Alisema anaona kwa sababu hakutaka mwanawe aliyeacha duka na kusafiri siku mbili ajue kwamba safari imekwisha kuharibika. Bwana Kanti akafurahi, akampandisha.

Askari wa wanyama, aliyekuwa atulinde, alituma salamu kijiji cha mwisho kwamba atatukuta kambini jioni. Tukatangulia. Tukafika mtoni saa saba mchana, jua limesimama utosini, Ba amechoka, mkwewe ana kiu, dereva anauliza ni hapa au si hapa. Nikashuka kuchagua.

Nilitazama juu: matawi mazima ya mkwaju. Nilitazama mto: uko chini, maji hayasikiki. Nililowesha kidole nikajua upepo unatoka wapi. Siafu hakuna. Na katikati ya hayo yote, kutoka msituni kushuka mpaka mtoni, palikuwa na uwanja mweupe uliokaza, mpana kama mtaa wetu, hauna jani, hauna kijiti. Mimi ni mtoto wa Kariakoo. Kwetu kila alfajiri mama anainama na ufagio mpaka ardhi ya mbele ya nyumba inabaki na mistari, na uwanja uliofagiliwa ndiyo salamu ya kwanza anayopewa mgeni. Moyo wangu ulitulia. Niliona nimefika nyumbani kwa watu wenye adabu.

Sikuzunguka. Nilisema nitazunguka baadaye, kwanza Ba apate kivuli.

Kufika saa tisa mahema yalikuwa yamesimama, na nilikuwa nimemwekea Ba kiti cha kukunja mbele ya hema lake, katikati ya uwanja, apate upepo wa mtoni. Saa kumi nilikuwa nagonga kigingi cha mwisho. Bwana Kanti na mkewe walikuwa juu ya lori wakitafuta sufuria ya dengu. Ghafla nikagundua kwamba ndege wamenyamaza. Halafu nikamsikia dereva, yuko ndani ya lori, anasema kwa sauti ya chini sana: "Fundi. Usigeuke haraka."

Niligeuka haraka. Wa mbele alikuwa jike, mkubwa kuliko duka letu, na nyuma yake walikuwa wengine, wamefuatana mmoja mmoja, wanakuja kunywa maji kwa njia yao. Walikuwa wanakuja jinsi Kariakoo inavyokwenda mjini asubuhi.

Nitawaambia nilichofanya, maana ahadi yangu ni kusema kweli. Nyundo ilinitoka mkononi na nikajikuta chini ya lori, tumbo mchangani, uso nimeuficha kwenye mikono yangu. Ba alikuwa kwenye kiti chake, hatua ishirini kutoka kwangu. Nilimwacha. Nilisikia juu yangu Bwana Kanti akinong'ona "Ba, Ba," na mkewe akilia, amemshika shati asiruke. Nilisikia pumzi kama mivukuto ya mhunzi. Nilisikia matumbo yao yakinguruma kama lori lililo mbali. Kamba moja ya hema ikakatika kwa mlio mdogo. Kisha kwa muda mrefu sikusikia kitu, na ule ukimya ndio mpaka leo ukinijia huniacha na jasho.

Halafu ikaja sauti ya Ba. Alikuwa anazungumza Kigujarati, polepole, kama anavyozungumza na muuza mboga anayemwamini.

Nilipotoa kichwa, wa mwisho alikuwa anateremka mtoni, mkia unapunga. Walikuwa wamelizunguka hema na kiti, kulia na kushoto, kama watu wanavyolizunguka jiwe. Ba alikuwa amekaa vilevile, mikono ameikutanisha kifuani, machozi yamejaa kwenye mikunjo ya uso, na alikuwa anacheka.

"Fundi Shomari," akasema, "umenipigia kambi mahali pazuri."

Askari alipofika alinitukana kwa lugha mbili. Akanishika mkono akanizungusha lile duara nililoliacha. Nyuma ya kichaka, hatua thelathini tu, palikuwa na mavi ya tembo yamelundikana kama vikapu vilivyomwagwa, mapya na makavu, na gome la miti lililolainishwa na mbavu zao. Ingetosha dakika tano. Kabla jua halijatua tulikuwa tumehamisha kila kitu mpaka kwenye kilima kidogo, mahali penye mawe, pabaya kwa macho, pasipo na mwenyewe.

Mjini habari ilifika kabla ya lori. Bwana Kanti aliisimulia kwa kila mteja, na kila alipoisimulia mimi nilizidi kuwa hodari. Alisema fundi wake aligundua kwamba macho ya mama hayafiki mbali, kwa hiyo akapiga hema njiani kwa tembo makusudi, ili tembo waje mpaka kwenye kiti. Watu walinitazama kwa heshima. Na mimi, wajukuu zangu, nilinyamaza. Niliinamisha kichwa juu ya cherehani kama mtu mnyenyekevu. Bwana Kanti akatangaza kwamba Maganga akipona tutakuwa wapiga kambi wawili.

Mzee Maganga aliniuliza mara moja tu. "Ulizunguka?"

"Nilizunguka."

Akanitazama, akatupa karanga mdomoni, hakuniita Mzigo siku hiyo. Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua.

Baada ya wiki chache akaja mwalimu mmoja anayeishi Upanga, na mkewe, na watoto watatu, mdogo bado ananyonya kidole. Walitaka safari ya kutazama wanyama mara barabara itakapofunguliwa. Wala hawakutaka kambi yoyote tu. Walitaka ileile ya Ba, mahali palepale, na kiti palepale. Bwana Kanti akanipigapiga mgongoni, akasema fundi huyu hapa, mpeni mkono. Yule mtoto mdogo akaniuliza kama tembo atamgusa. Nilisema naenda kutazama uzi.

Nilikwenda moja kwa moja mpaka kwa Mzee Maganga nikamweleza yote: uwanja, lori, uso mchangani. Nikamwambia nikisema nitafukuzwa, nisiposema nitawaua wale watoto.

"Kwanza nikwambie," akasema, na hakuwa anatania. "Ulikosea na Mungu akafunika. Usije ukamfundisha mtu kwamba ule ulikuwa ujuzi. Pili, hilo la kufukuzwa niachie mimi. Mtani wako nipo kwa ajili gani?"

Kesho yake mwalimu alikuwa amerudi barazani kukamilisha mipango. Mzee Maganga akaja na gongo lake, amevaa kanzu mpya, akanivua kofia akaivaa. Nikajua. Akawaomba watu wasogee, akasema anataka kuwaonyesha jinsi Mzaramo anavyokaribisha wageni. Akaweka gongo pembeni, akashuka chini na ule mguu wake mbovu, akaingia chini ya meza ya kukatia turubai, akalala kifudifudi, makalio yamebaki nje.

"Karibuni tembo," akalia kwa sauti nyembamba mfano wa yangu. "Karibuni, mama mkubwa ameketi pale mbele. Mimi niko huku nyuma natafuta pete."

Mtaa mzima ukacheka. Muuza kahawa alilazimika kutua mdele. Mwalimu alicheka kwanza, kisha akaelewa, akamvuta mwanawe karibu. Mtu mmoja tu hakucheka.

"Ni kweli, Fundi?" akauliza Bwana Kanti.

"Kweli, Bwana Kanti. Sikuijua ile njia. Niliona pamefagiliwa nikapapenda. Sikuzunguka."

Rangi ya uso ilimtoka. Nilimwona anaiona tena ile alasiri, safari hii kama ilivyokuwa. Akafungua mdomo, na najua neno lililokuwa linakuja. Lakini Mzee Maganga, bado chini ya meza, akasema: "Bwana Kanti, hapa ni kati ya Mnyamwezi na Mzaramo. Ukiingia na hasira zako tutakutoza mbuzi. Na mbuzi mwenyewe huli."

Watu wakaangua upya. Bwana Kanti akakaa juu ya robota la turubai, akafuta uso kwa kiganja. Mwishowe akasema hawezi kuamua yeye, maana roho iliyokuwa kwenye kiti haikuwa yake. Niende nikamwambie mama mwenyewe. Atakalosema ndilo.

Nyumba yao ilikuwa Uhindini, ghorofani, ngazi zinanukia ubani na bizari. Ba alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya njegere kwa kupapasa, maana kufikia hapo mwanga ulikuwa karibu umekwisha. Nikavua viatu, nikachuchumaa mlangoni, nikamwambia kila kitu bila kupumzika. Alinisikiliza mpaka mwisho, njegere zikidondoka kwenye bakuli moja moja.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua, Ba?"

"Nilikusikia chini ya lori unamwita mama yako. Mtu aliyemwalika mgeni haingii chini ya lori mgeni akifika." Akaendelea kumenya. "Mimi nilisema umenipigia mahali pazuri. Kama ulijua au hukujua, hilo sikulisema. Lilikuwa lako wewe kulisema, na umechelewa, lakini umekuja. Hao watoto wa mwalimu utawapigia wapi?"

"Kilimani, Ba. Penye mawe. Nikishazunguka."

"Basi utaendelea na kazi." Kisha akainua uso, akauelekeza karibu kabisa na pale nilipokuwa. "Na wewe ulimwona?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia nilifumba macho tangu mwanzo mpaka mwisho.

Ba akaanza kucheka, taratibu, mabega yanatikisika. Akasogeza bakuli, akapiga mkeka kwa kiganja kando yake. "Njoo ukae, mwanangu. Umetoka Kariakoo mpaka kule, umesimamisha mahema manne, na hukumwona. Kaa nikuonyeshe."

Nilifanya kazi hiyo miaka mingi baada ya hapo. Watoto wa mwalimu waliona tembo wao kwa mbali, kutoka kwenye mawe, wakarudi wote watatu. Nimewaona tembo wengi mno tangu siku hizo, kwa umbali unaotakiwa, na sijagonga kigingi cha kwanza bila kuzunguka nikitazama chini. Mzee Maganga aliendelea kuingia chini ya ile meza kila mteja mpya alipokuja, hata mguu ulipopona, mpaka mteja akaona ni sehemu ya huduma. Na kila nilipotoka safari nilipanda zile ngazi za Uhindini kumsalimu Ba. Aliniuliza nimeona nini, nikamweleza, akasikiliza kwa upole wa mtu aliyeona kilicho bora zaidi. Kisha alinisimulia yule wake upya.

Ndiyo maana, Zuhura, tembo ninayemjua vizuri kuliko wote ni yule ambaye sikumwona. Nyayo zake hazitoi sauti. Ngozi ya masikio ni nyembamba pembeni, mwanga unapita. Alisimama karibu kiasi kwamba kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima Ba aliona kitu bila ukungu, nacho kilikuwa jicho, dogo, la rangi ya chai ya maziwa. Na kope zake ni ndefu, alikuwa akisema Ba, ndefu kuliko za bibi harusi, na zimejaa vumbi, kama za mtu aliyetoka mbali na hajapata bado maji ya kunawa.